Viza, kadi ya njano na jina lako: majibu kwa wanaokwenda Afrika Magharibi

Safu ya mwezi huu ni ya wanaofunga safari kuelekea Lagos, Abuja, Cotonou na Accra. Barua nyingi zinauliza habari za viza peke yake, kana kwamba ukishaipata mambo yamekwisha. Safari hii ina watu watatu wa kukukagua: karani wa shirika la ndege pale Entebbe, afisa wa afya kwenye uwanja utakaoshukia, kisha afisa uhamiaji. Kila mmoja anatafuta karatasi yake. Viza safi haimridhishi afisa wa afya, wala kadi ya njano (cheti cha chanjo ya homa ya manjano) haimtulizi karani aliyeona jina lako limeandikwa kwa namna mbili. Majibu yetu tumeyaandika tukiwafikiria wote watatu.

Nauza vitambaa Kampala. Miaka michache iliyopita mwenzangu alishuka Lagos akalipia viza palepale uwanjani. Nataka kwenda kununua lesi na vitambaa vya ankara. Naweza kufanya kama yeye? (Mfanyabiashara, Owino)

Usithubutu. Mwenzako hakukosea kwa wakati wake: tangu Januari 2020 Nigeria iliwaruhusu wenye pasipoti za Kiafrika kupata viza wanapofika. Utaratibu huo ulibadilika tarehe 1 Mei 2025, viza ya kielektroniki ikachukua nafasi yake. Sasa unaomba ungali nyumbani, kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Nigeria (immigration.gov.ng), unalipa kwa kadi ya benki, na kibali unatumiwa kwa barua pepe. Ukifika Entebbe bila kibali hicho, karani hakupi kadi ya kupandia ndege, na hakuna wa kumlilia.

Jambo la kwanza kuamua ni aina ya viza. Wengi huchagua utalii kwa kuwa karatasi zake ni chache. Kununua mali ya kuja kuuza ni biashara, na afisa akikuuliza Lagos ukamjibu "nimekuja kununua mzigo" huku kibali chako kinasema matembezi, umejipinga mwenyewe. Omba ya biashara.

Andaa hivi: ukurasa wa pasipoti wenye picha, uliopigwa skani wote hadi ile mistari miwili ya chini, picha yako ya karibuni yenye mandharinyuma meupe, tiketi ya kwenda na kurudi, anwani ya utakapolala, taarifa ya benki yenye muhuri, na barua ya mwaliko kutoka kampuni iliyosajiliwa Nigeria. Barua hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Iwe kwenye karatasi rasmi ya kampuni, itaje jina lako na nambari ya pasipoti, kazi inayokupeleka, tarehe za kufika na kuondoka, na nani anagharamia nini. Juu ya yote, iwe na sentensi inayosema kampuni inabeba dhamana ya uhamiaji juu yako muda wote utakapokuwa huko. Mualikaji aambatanishe pia nakala ya cheti cha usajili wa kampuni yake. Muuzaji wa sokoni asiye na usajili hawezi kukuandikia barua yenye uzito, hata awe rafiki yako wa miaka kumi. Mwombe akutafutie msambazaji wake mkubwa.

Kuhusu benki, picha ya skrini ya pesa za simu haitoshi. Na ukiingiza milioni nyingi kwa mkupuo siku moja kabla ya kuchapisha taarifa, anayeisoma ataona. Ni afadhali salio dogo linalopanda na kushuka kama biashara ya kweli.

Nigeria ilitangaza kwamba majibu hutoka ndani ya saa 48. Sisi tunakushauri uombe wiki tatu kabla. Hati moja ikiwa na ukungu utatakiwa kuirudia, na baadhi ya kadi za benki hukataa malipo ya nje hadi uende tawini uombe zifunguliwe. Ada ikishalipwa hairudishwi, kwa hiyo soma fomu mara mbili kabla ya kubonyeza. Tofautisha herufi O na tarakimu 0 kwenye nambari ya pasipoti. Kosa hilo dogo limewatia wengi hasara.

Ukipata kibali bado kuna fomu ya pili: kadi ya kuingia nchini, ambayo tangu Mei 2025 nayo hujazwa mtandaoni. Ijaze siku chache kabla ya kuruka, uichapishe pamoja na viza. Simu huzimika. Na ikiwa utabeba fedha taslimu zaidi ya dola 10,000, zitangaze kwa forodha ya Nigeria unapoingia. Usipozitangaza zinaweza kutaifishwa.

Nilichanjwa homa ya manjano mwaka 2013. Kadi yangu inasema mwisho wake ni 2023. Je, nichanjwe tena? Tena nasafiri na mdogo wangu ambaye ni mjamzito. (Msomaji, Arua)

Wewe huhitaji sindano nyingine. Tarehe 11 Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zilibadilishwa: chanjo moja ya homa ya manjano hutambuliwa maisha yote, na kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi zimo humo. Usimruhusu mtu akufutie hiyo 2023 ili aandike tarehe mpya. Kadi iliyofutwa au kukatwakatwa huhesabiwa kuwa batili, na utakuwa umeharibu kitu kizima kwa mkono wako.

Chukua nafasi hii uikague kadi yenyewe. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Tarehe ya kuchanjwa iandikwe kwa siku, mwezi kwa herufi, na mwaka, ili 03/04 isisomeke Machi huku na Aprili kule. Jina la mtengenezaji na nambari ya bechi ya chanjo viwepo. Muhuri wa kituo kilichoidhinishwa uwepo, na pia sahihi ya mhudumu kwa mkono wake. Muhuri hauwi badala ya sahihi. Nawe mwenyewe utie sahihi yako. Kadi ni ya mtu mmoja, hata mtoto mchanga ana yake. Kwa anayechanjwa mara ya kwanza, kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na siku hizo haziharakishwi kwa pesa. Anayeruka Jumamosi akachanjwa Alhamisi amechelewa.

Waliopewa kikaratasi wakati wa kampeni za chanjo vijijini wakiangalie vizuri. Kama hakina bechi, muhuri na sahihi, wakipeleke kwenye kituo kinachotoa cheti cha kimataifa waulize kabla ya kukata tiketi. Aliyepoteza kadi arudi kituo kilekile alichochanjwa, maana huko kuna daftari. Jina likipatikana anaandikiwa nakala.

Mdogo wako ni suala la daktari, tena wa kituo cha chanjo za safari, si la mhudumu wa kaunta. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo mjamzito hachanjwi hivihivi. Daktari hupima hatari ya ugonjwa aendako dhidi ya hatari ya chanjo. Wengine wa kuangaliwa ni mtoto wa chini ya miezi 9 (chini ya miezi 6 hachanjwi kabisa), mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye umri wa miaka 60 na zaidi ambaye hajawahi kuchanjwa, na anayeishi na VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga ya mwili) ziko chini ya 200. Huyu wa mwisho hachanjwi. Daktari akiamua asichanjwe, amwandikie barua ya msamaha kwa Kiingereza au Kifaransa, yenye sababu, sahihi na muhuri. Barua hiyo humsaidia, lakini nchi anayoingia ina haki ya kuamua, hivyo aulize ubalozi mapema. Na ajue kwamba barua haizuii mbu. Mbu wa ugonjwa huu huuma mchana pia, chandarua cha usiku peke yake hakimkingi. Kama safari inaweza kungoja hadi ajifungue, tungemwomba angoje.

Tunajua pia kwamba mjini zipo kadi za kununua bila sindano. Homa ya manjano haina dawa ya kuiua. Wanaofikia hatua yake kali, karibu nusu hufa ndani ya siku 7 hadi 10. Uganda yenyewe ilizika watu mwaka 2016 ugonjwa ulipozuka Masaka na Rukungiri. Unayemdanganya kwa kadi ya bandia ni wewe na watoto utakaowarudia.

Pasipoti yangu inabeba jina la baba. Baada ya ndoa tiketi ilikatwa kwa jina la mume wangu. Nikibeba cheti cha ndoa nitapita? (Mke wa ndoa mpya, Jinja)

Mama, usitegemee cheti cha ndoa. Kinaweza kumwelewesha afisa uhamiaji mwenye subira, ila mfumo wa shirika la ndege unalinganisha tiketi na ile mistari miwili ya herufi 44 kila mmoja iliyo chini ya ukurasa wa picha. Mistari hiyo haijui ndoa.

Kwa safari hii badilisha tiketi, usibadilishe pasipoti. Piga simu kwa waliokuuzia leo, kwa sababu kusahihisha jina mapema ni rahisi kuliko kukata tiketi mpya asubuhi ya safari. Halafu viza, kadi ya njano na fomu ya kuingia, vyote vifuate pasipoti herufi kwa herufi. Kwetu Uganda watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, na wengi hawajui lipi ni la ukoo na lipi ni la kupewa. Usikisie. Mstari wa juu kati ya hiyo miwili, baada ya herufi P na herufi za nchi UGA, huanza na jina ambalo pasipoti inalichukulia kuwa la ukoo, ndipo alama za mishale miwili, kisha mengine. Nakili mpangilio huohuo.

Ukija kubadilisha pasipoti, fanya hivyo kabla ya kuomba viza nyingine yoyote. Kibali cha kielektroniki kimefungwa kwenye nambari ya pasipoti. Nambari ikibadilika, kibali kimekufa.

Pasipoti yangu imebakiza miezi mitano. Safari ni ya wiki mbili tu. (Msomaji, Mbale)

Ipyaishe kwanza. Kinachotakiwa ni miezi 6 kuanzia unapoingia, pamoja na kurasa tupu za kugongewa mihuri, hata ukikaa siku mbili. Maombi yanafanyika mtandaoni kwa Kurugenzi ya Udhibiti wa Uraia na Uhamiaji, ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000, na ofisi ya Mbale itakuepusha na safari ya Kampala.

Sisi ni kwaya ya watu tisa. Tunashuka Lagos, tutaimba siku nne, twende Cotonou kwa gari siku mbili, kisha turudi Lagos kupanda ndege. Tumeambiwa Benin haitaki viza kwa Waafrika, kwa hiyo tumeomba ya Nigeria tu. (Katibu wa kwaya, Mbarara)

Mliyoambiwa kuhusu Benin ni kweli: Mwafrika mwenye pasipoti huingia bila viza, hadi siku 90. Tatizo lenu liko kwenye kurudi. Kama viza yenu ya Nigeria ni ya kuingia mara moja, inakwisha kazi pale mtakapogongewa muhuri wa kutoka mpakani Seme. Siku mbili baadaye mtasimama upande wa Benin mkiwa na tiketi za kutoka Lagos na hakuna wa kuwafungulia mlango.

Wasafiri wetu wanaingia mtegoni hapa kwa sababu ya mazoea ya nyumbani. Mganda huvuka Busia kwenda Kenya au Katuna kwenda Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, naye mgeni wa mbali anaweza kuchukua viza moja ya kitalii ya Afrika Mashariki akazunguka Uganda, Kenya na Rwanda. Afrika Magharibi nako kuna jumuiya, ECOWAS, iliyoundwa mwaka 1975, na raia wake wanatembeleana bila viza hadi siku 90. Haki hiyo ni ya raia wao. Wewe Mganda unahesabiwa upya kila mpaka.

Mna njia mbili. Ombeni viza ya Nigeria ya kuingia zaidi ya mara moja, na kwa kundi kama lenu ni bora kwenda wenyewe Ubalozi wa Nigeria, Nakasero, mkaulize kabla ya kulipa. Au pangeni mkondo: fikieni Lagos, malizieni Cotonou, na tiketi ya kurudi ianzie Cotonou. Sisi tungechagua ya pili, kwa kuwa inawaondolea pia kurudia barabara ile.

Barabara yenyewe ni kama kilomita 120, ila foleni za Lagos na vizuizi vya njiani huila siku. Ondokeni alfajiri. Mpakani shukeni nyote, kila mtu na pasipoti yake mkononi. Dereva mwenye haraka hukusanya pasipoti akaja na muhuri wa upande mmoja tu. Lazima muwe na wa kutoka Nigeria na wa kuingia Benin. Kadi za njano zitaulizwa tena hapo, na asiyekuwa nayo ndiye anayebanwa atoe kitu. Naira mbadilishe za kutosha tu, ng'ambo inatumika faranga ya CFA, na mazungumzo ni Kifaransa; awepo mmoja kati yenu anayejua walau kutaja tarehe na anwani.

Msishawishike kusogea mbele hadi Lomé kwa kuwa "ni hapo tu". Togo ina maombi yake ya mtandaoni yanayofanywa kabla ya kufika. Ghana ilitangaza kuwaondolea Waafrika viza kuanzia mwaka 2025. Anayetaka kufika Accra apate kwanza jibu la maandishi kutoka shirika la ndege atakalotumia, maana ndilo litakaloamua apande au abaki.

Mume wangu anafanya kazi Abuja. Nataka kumpelekea watoto, mmoja ana miaka 7, mwingine miezi 8. Wametajwa kwenye viza yangu, inatosha? (Mama, Gulu)

Haitoshi. Kila mtoto ana pasipoti yake na viza yake. Kwa kuwa baba hasafiri nanyi, beba barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili, nakala ya pasipoti yake, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka NIRA (mamlaka ya utambulisho na usajili ya Uganda) vinavyotaja wazazi wote wawili. Ukaguzi huu unaanzia kwetu Entebbe, nao ni wa kuwalinda watoto wasitoroshwe, kwa hiyo usiuonee uchungu.

Mdogo hajafikisha miezi 9, umri ambao chanjo ya homa ya manjano hutolewa kwa kawaida. Mkisogeza safari kwa wiki sita, atakuwa ametimiza umri, amechanjwa na siku 10 zimepita. Hiyo ndiyo tiketi tungewakatia.

Binti yangu wa miaka 22 amepata kazi ya saluni Lagos. Wakala anasema aende kwa viza ya matembezi, "mengine yatarekebishwa huko". Ameomba aachiwe pasipoti. (Mzazi, Kampala)

Mzazi mwenzetu, simamisha safari hii.

Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi hata siku moja. Mgeni anayeajiriwa Nigeria huombewa na mwajiri viza maalumu ya ajira, iitwayo STR, kabla hajaondoka Uganda. Akishafika, mwajiri huyohuyo humkamilishia kibali cha ukaaji kiitwacho CERPAC. Mwajiri anatakiwa pia awe na nafasi ya kuajiri wageni aliyopewa na serikali. Saluni ya mtaani yenye nafasi hiyo kwa msusi kutoka Kampala ni jambo gumu kuliamini. "Kurekebishwa huko" maana yake ni kwamba siku za viza zitakwisha, faini itaanza kuhesabiwa kwa siku, na binti ataogopa kwenda polisi hata akidhulumiwa, kwa sababu yeye mwenyewe hana hadhi ya kuwepo. Woga huo ndio mtaji wa wanaowauza wasichana.

Pasipoti idai leo. Kisha mwambie wakala akuonyeshe leseni yake ya kupeleka wafanyakazi nje, na uende nayo Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii uthibitishe. Taka mkataba ulioandikwa, wenye mshahara, saa za kazi na anwani kamili. Piga simu kwenye saluni yenyewe kwa nambari uliyoitafuta wewe. Wakala mwenye kazi ya kweli atavumilia maswali haya yote. Akianza kukuharakisha au kukwambia nafasi itachukuliwa na mwingine, umeshapata jibu, na polisi wanapaswa kulisikia.

Mbona karani wa Entebbe anadai tiketi ya kurudi wakati viza ninayo? Yeye si uhamiaji. (Msomaji, Masaka)

Kwa sababu akikupakia ukakataliwa kule, shirika lake ndilo linalokurudisha kwa gharama yake, na mara nyingi hutozwa faini juu. Mbele yake kuna mfumo unaomwonyesha masharti ya nchi uendako kwa raia wa Uganda. Kisipotimia kimoja, hawezi kukupitisha hata akitaka. Mpe karatasi zote kwa pamoja: pasipoti, kibali cha viza, kadi ya njano, fomu ya kuingia, tiketi ya kurudi na anwani ya utakapolala.

Uganda Airlines inakwenda Lagos moja kwa moja tangu Oktoba 2023. Ukiunganisha kupitia Nairobi, Kigali au Addis Ababa, hakikisha safari nzima iko kwenye tiketi moja na begi limeandikiwa kituo cha mwisho. Tiketi mbili za kuungaunga zitakulazimisha kuingia nchi ya katikati kuchukua begi. Kenya na Rwanda utaingia kama Mwanajumuiya bila viza. Addis ina masharti yake, yaangalie kabla hujalipa. Na saa ya Lagos iko nyuma ya Kampala kwa saa mbili: kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kule ni saa mbili. Mpe mwenyeji wako muda wa kufika kwa saa za kule.